Kutembea bonde la mto Swale na nyika za juu yake: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mimi nimekulia Lushoto, na kosa langu lilianzia hapo. Mji wa Lushoto uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote wa England, una mita 978. Kwa hiyo nilipohamia Leeds na kusikia watu wakiutaja Great Shunner Fell, mlima wa mita 716, niliuona kama kilima cha kwenda kuchota maji na kurudi. Nikavaa jinzi, raba na sweta la pamba, mwezi wa Oktoba.

Nilifika nusu ya njia. Mvua haikuwa kubwa, yalikuwa manyunyu ambayo kwetu mtu haweki hata jembe chini. Lakini upepo uliyapiga manyunyu yale ubavuni kwangu saa nzima. Jinzi ikawa nzito kama gunia lililolowa, na vidole vikashindwa kufungua zipu ya begi nililotia koti la mvua. Mwenzangu ndiye aliyenifungulia. Tukageuka.

Tangu siku hiyo nimerudi bonde la Swale mara nyingi, majira yote ya mwaka, na ninachomwambia kila anayetaka kwenda ni hiki: huku usihofie urefu, hofia maji. Maji yaliyo angani, maji yaliyo chini ya nyayo, na maji yaliyo ndani ya nguo zako. Karibu kila hatua ya mwongozo huu ni njia ya kubaki mkavu, au ya kurudi nyumbani kabla ulowevu haujakuzidi.

Mahali penyewe

Swaledale ni bonde la mto Swale, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales iliyoanzishwa mwaka 1954. Usitegemee hifadhi kama Mikumi au Tsavo. Hapa watu wanaishi, wanafuga, wanakata majani ya kulisha mifugo. Chini bondeni kuna mashamba madogo ya majani yaliyogawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na karibu kila shamba lina ghala lake la mawe. Vijiji ni vidogo na majina yake mengi yaliachwa na watu wa Skandinavia waliohamia huku zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: Keld maana yake ni chemchemi.

Ukipanda kutoka mashambani, ukavuka ukuta wa mwisho, unaingia dunia nyingine. Hakuna mti. Kuna nyasi ngumu za mafungu-mafungu na kichaka kifupi ambacho wenyeji hukiita heather, kinachotoa maua ya zambarau mwezi wa Agosti. Chini yake kuna mboji. Mvua ya huku hainyeshi kwa kishindo, lakini haichoki. Ardhi ya juu ni tambarare na ya baridi, maji hayapati pa kwenda, na mimea ikifa haiozi ikaisha, inalundikana. Mboji huongezeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Ukiona mtaro wenye kingo nyeusi za urefu wako mwenyewe, jua unatazama kazi ya karne nyingi sana. Na mboji hiyo imejaa maji kama sponji. Juu yake huota mimea midogo laini ya kijani kibichi, inayong'aa, inayovutia macho. Usiikanyage. Penye kijani kinachong'aa kuliko kwingine kote ndipo mguu unapozama hadi gotini, na buti linaweza kubaki huko.

Chagua mwezi, kisha chagua saa

Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya mtu anayeanza. Mwishoni mwa Juni mashamba ya kijiji cha Muker yamejaa maua ya porini kabla ya majani kukatwa, na ni mambo ya kupendeza kweli. Agosti nyika inageuka zambarau. Oktoba ni nzuri kwa aliyejiandaa. Desemba hadi Februari waachie wazoefu.

Sisi tuliozoea jua la ikweta, linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, tunapotea hapa kuliko popote. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza saa mbili na nusu hivi asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri. Ni zaidi kidogo ya saa saba tu za mwanga, na mawingu mazito hupunguza hata hizo. Weka kanuni: uwe umerudi barabarani saa mbili kabla ya jua kuzama. Na ukisoma ratiba ya basi, kumbuka 15:20 ni saa tisa na dakika ishirini. Nimewahi kumngoja rafiki kituoni kwa sababu ya mkanganyiko huo.

Kwa anayeswali: majira ya baridi adhuhuri, alasiri na magharibi zimesongamana ndani ya saa nne. Kibla kutoka huku ni kusini mashariki, na dira unayo tayari mkononi. Maji ya kijito yanafaa kwa udhu, ila ni ya baridi mno. Beba taulo dogo ukaushe mikono na miguu kabisa kabla ya kuvaa soksi na glovu.

Utabiri wa hewa usome jana yake jioni na tena asubuhi, na usome ule wa milimani, si wa mjini. Tazama mambo matatu kwa mpangilio huu: kasi ya upepo juu, kimo cha mawingu, kisha mvua. Upepo ukizidi kilomita 60 kwa saa, baki bondeni. Mawingu yakitarajiwa chini ya mita 600, kilele cha Shunner kitakuwa ndani ya ukungu, na huna sababu ya kukipanda siku hiyo ikiwa bado hujui dira.

Ramani na haki ya kupita

Ramani ya bonde hili ni ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, namba OL30. Ikunjue dukani uhakikishe njia unayoitaka imo yote kabla hujalipa. Programu ya simu inasaidia na mimi naitumia, lakini skrini iliyolowa haisikii kidole, na betri hufa upesi penye baridi. Ramani ya karatasi iingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Kwenye ramani hiyo, vistari vifupi vya kijani ni njia ambayo mtembea kwa miguu ana haki ya kisheria kuipita, hata ikikatiza katikati ya shamba la mtu. Vistari virefu vya kijani ni njia ya waenda kwa miguu, farasi na baiskeli. Vistari vyeusi vinaonyesha kuwa kuna kijia ardhini, lakini havikupi haki yoyote. Eneo lililopakwa manjano hafifu ni ardhi ya wazi: sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mtu yeyote kutembea humo kwa miguu bila kulazimika kufuata njia. Huhitaji kibali wala kulipa kiingilio, na hakuna mlinzi langoni. Wengi wetu hili linatutia wasiwasi mwanzoni, tunahisi tunaingia kwa watu. Huingii kwa watu. Salimia unaokutana nao, pita, na geti liache kama ulivyolikuta: likiwa limefungwa lifunge, likiwa wazi liache wazi.

Ardhini alama ni mishale: wa manjano ni wa miguu, wa buluu ni wa farasi pia, na alama ya tunda la mwaloni ni ya njia za taifa. Njia ya taifa inayopita hapa ni Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, kilomita zaidi ya 400 kutoka Edale hadi Kirk Yetholm ng'ambo ya mpaka wa Uskoti. Sisi tutaitumia vipande viwili tu.

Jifunze jambo moja la ramani kabla ya kuondoka nyumbani, kusoma namba ya mahali. Kilele cha Great Shunner Fell ni SD 848 972. Herufi mbili zinataja mraba mkubwa wa kilomita 100. Tarakimu tatu za kwanza ni za kwenda mashariki: tafuta mstari wa wima wenye namba 84, kisha songa kulia sehemu nane kati ya kumi kuelekea 85. Tarakimu tatu za mwisho ni za kwenda kaskazini: mstari wa mlalo wa 97, kisha panda sehemu mbili kati ya kumi. Hapo ndipo. Umetaja mraba wa mita 100 kwa mita 100. Mashariki kwanza, kaskazini baadaye. Ukigeuza mpangilio utawatuma waokoaji bonde jingine.

Nguo na begi

Usivae pamba, wala jinzi, wala fulana ya kawaida ndani. Pamba hunywa maji na kuyashikilia ngozini, na upepo ukipita juu yake unakunyang'anya joto. Vaa fulana ya sufu nyepesi au ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta jepesi lenye manyoya ndani, juu kabisa koti la mvua lenye kofia. Suruali ya mvua nayo ni lazima. Watu huisahau, na mapaja ndiyo yanayolowa kwanza. Kofia ya sufu na glovu zibebwe hata Julai. Kwa makadirio joto hupungua nyuzi moja kila unapopanda mita 150, kwa hiyo kijijini nyuzi 12 na juu nyuzi 9, na upepo unaifanya 9 ionekane kama 3.

Buti ziwe za kufunika kifundo cha mguu, zenye meno chini. Zivae wiki mbili nyumbani na sokoni kabla ya kuzipeleka milimani. Soksi mbili za sufu: moja miguuni, nyingine kavu begini.

Begini tandika kwanza mfuko mkubwa mnene wa takataka, kisha panga kila kitu ndani yake, uukunje juu. Hakuna begi lisilopitisha maji siku nzima. Ndani kuna sweta la ziada, soksi, tochi ya kichwani na betri zake, filimbi, dira, bandeji na plasta, pawabanki, na mfuko wa dharura wa plastiki ambao mtu mzima anaingia mzima mzima. Ni wa bei ndogo na uzito wa ndizi mbili. Koti la mvua likae mfuko wa juu au wa nje. Kumbuka ile zipu yangu.

Chakula: chapati zilizofungwa na mayai, maandazi, tende, karanga. Chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa ya chai. Maji lita moja na nusu, mbili kiangazi. Usinywe ya vijito, hata yakiwa maangavu kama kioo. Juu yako kuna kondoo, pengine na mzoga, na bonde hili lilichimbwa madini ya risasi kwa karne nyingi, mabaki yake bado yamo vilimani.

Hesabu muda wako

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko, picha, wala matope. Mimi huzidisha jibu kwa moja na nusu. Baada ya safari tatu utajua kizidisho chako mwenyewe, na ukienda na watoto tumia mbili.

Mtu mmoja asiyesafiri nawe ajue unakopita na saa ya kurudi. Mwandikie: njia gani, gari liko wapi au basi lipi, na "nisipokupigia kufikia saa kumi na mbili jioni, piga 999", namba ya dharura ya huku. Ukisharudi, mpigie, usimwache akihangaika.

Kufika

Kwa gari kutoka Leeds ni kama saa mbili. Bila gari, treni hadi Darlington, basi hadi Richmond, kisha basi dogo linalopanda bonde kupitia Reeth hadi Muker na Keld. Haliendi mara nyingi, na si kila siku. Angalia ratiba ya siku yenyewe, na uanze kwa kuandika saa ya basi la mwisho la kurudi.

Njia ya kwanza: Muker, Keld na kurudi

Kilomita 10 hivi, kupanda kama mita 300. Kwa Naismith ni saa mbili na nusu. Panga saa nne. Hii ndiyo ya kuanzia, usiiruke hata kama unajiona una nguvu.

Muker panda katikati ya nyumba hadi mwisho wa kijiji, ufuate kibao cha Keld kinachokuingiza mashambani. Njia imetandikwa vibamba vya mawe na inapita shamba baada ya shamba. Kwenye kila ukuta kuna mwanya mwembamba, umebanwa kwa mawe mawili, mguu unapita na kondoo mwenye tumbo hapiti. Mianya mingi ina kigeti kidogo chenye springi. Vua begi kama umebeba kubwa. Hapa mtembee mmoja nyuma ya mwingine, juu ya vibamba. Yale majani na maua ni chakula cha mifugo cha msimu wa baridi. Kuyakanyaga ni sawa na kupita katikati ya mpunga wa mtu.

Mashamba yanaishia kwenye mto na daraja la miguu. Vuka, geuka kushoto, na sasa mto uko kushoto kwako ukija kinyume nawe. Njia ni pana na rahisi kwa kama kilomita mbili. Polepole hapa. Mwezi wa Mei utasikia juu yako mlio mrefu unaopanda na kububujika: ni ndege aitwaye sululu, yule yule mwenye mdomo mrefu uliopinda tunayemwona ufukweni maji yakipwa, Tanga au Mida. Mimi nilimjua kwa umbo tu, akitembea kimya kwenye matope. Sikujua kwamba anaimba hadi nilipokuja huku anakotaga mayai.

Mto wenyewe uheshimu. Swale hujaa haraka mno kwa sababu ile mboji ya juu ikishashiba, kila tone linalofuata linateremka moja kwa moja. Tarehe 30 Julai 2019 mvua ya saa chache ilileta mafuriko bonde hili na kubomoa daraja karibu na kijiji cha Grinton. Daraja likiwa limefunikwa, au kivuko chochote kikiwa na maji ya kahawia yanayopita juu ya goti, usijaribu kuvuka. Rudi ulikotoka, hata kama gari liko ng'ambo unaliona.

Bonde linabanwa, na kijito cha Swinner Gill kinaingia kutoka kulia. Baada yake njia inapanda kwa nguvu. Juu yako kuna magofu ya nyumba ya shamba, Crackpot Hall, iliyoachwa miaka ya 1950 kwa sababu ardhi chini yake ilikuwa ikishuka kutokana na machimbo. Pumzika hapo, kunywa chai. Kutoka kwenye mawe yale unaliona bonde lote mpaka Muker, mto umejikunja, kuta zimekwenda mbio hadi juu, na pengine hakuna sauti ila kondoo. Usiingie kwenye magofu, wala kwenye shimo lolote la mgodi utakaloliona.

Endelea na njia pana, bonde likiwa kushoto chini kabisa. Ukingo una mteremko mkali. Watoto wakae upande wa mlima. Utateremka hadi maporomoko ya East Gill Force, mahali Pennine Way inapokutana na njia nyingine maarufu, ile ya kuvuka Uingereza kutoka pwani hadi pwani. Vuka daraja la miguu, panda Keld.

Kurudi, toka Keld ufuate Pennine Way kuelekea kusini. Baada ya muda mfupi kibao kinaonyesha kushoto kushuka kwenye maporomoko ya Kisdon Force. Ukiwa na nusu saa, shuka, lakini mawe karibu na maji huteleza kama sabuni. Njia kuu inashika ubavu wa kilima cha Kisdon, imejaa mawe yaliyolegea; hapa ndipo vifundo vya miguu huteguka, tazama chini unapotembea na simama unapotaka kutazama mandhari. Mbele, Pennine Way inaendelea hadi kijiji cha Thwaite, na kibao cha Muker kinakupeleka kushoto, kushuka kati ya kuta mbili hadi kijijini.

Kilima hiki cha Kisdon kina historia nzito. Njia ya zamani inayopita juu yake iliitwa njia ya maiti. Kabla kanisa la Muker halijajengwa mwaka 1580, waliofiwa wa huku juu walibeba jeneza kwa miguu hadi kanisa la Grinton, kama kilomita 25, safari ya siku mbili. Ukishuka umechoka, lifikirie hilo.

Njia ya pili: Thwaite hadi kilele cha Great Shunner Fell

Kilomita 11 kwenda na kurudi, kupanda kama mita 430. Naismith anasema karibu saa tatu. Panga nne na nusu. Ifanye baada ya kumaliza ya kwanza bila taabu, na siku ya mawingu ya juu.

Kutoka Thwaite fuata barabara kuelekea magharibi kwa hatua chache, kisha kibao cha Pennine Way kinakuingiza kushoto kwenye njia ya mawe iliyo kati ya kuta mbili. Inapanda polepole, mawe yamelegea, na inaishia kwenye geti la mwisho. Simama hapo, na usipite bila kuamua: je, kilele kinaonekana, au wingu limekaa juu yake? Upepo ukoje? Kuna aliyelowa tayari? Ukisita, geuka hapo hapo. Geti hilo ndilo mpaka kati ya ardhi inayokushika mkono kwa kuta zake na ardhi isiyo na ukuta.

Ng'ambo ya geti njia inafuata marundo ya mawe na, penye mboji, vibamba virefu vilivyotandikwa. Vibamba vingi vya Pennine Way vimetoka sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa, na ukitazama vizuri kwenye vingine utaona matundu ya mashine. Kanyaga katikati. Vikilowa huteleza, vikiganda ni hatari kuliko matope. Lakini usivikwepe ukatembea pembeni. Pembeni ndipo mboji inapochanika, na mchaniko huo hauponi kwa miaka.

Utadanganywa mara mbili au tatu na vilele visivyo vilele. Kilele cha kweli kina kuta za mawe zilizojengwa kwa umbo la msalaba, ili upepo ukitoka popote upate upande wa kujikinga. Kabla hujakaa, fanya jambo moja: laza fimbo au panga mawe matatu yakielekeza ulikotoka. Pennine Way inapita hapa juu na kuendelea. Upande mmoja unashuka Thwaite, mwingine unashuka kusini hadi Hardraw, bonde jingine kabisa. Watu hukaa, ukungu unashuka wakila, wanazunguka ukuta kutafuta mahali pa joto, wanainuka na kuondoka upande usio wao, na kwa kuwa kuna vibamba pande zote mbili hawagutuki.

Kurudi ni kwa njia ile ile. Usishawishike kukata mkato kwenda kwenye mwanga wa kijiji.

Ukungu ukishuka

Simama. Vaa nguo ya ziada kabla hujafanya lolote, maana utapoa ukifikiri. Weka ramani ielekee kaskazini kwa dira, jiulize ni mahali gani pa mwisho ulipokuwa na hakika, na ulitembea dakika ngapi tangu hapo. Kama pako ndani ya dakika kumi, rudi hapo.

Kwetu mtu akipotea huambiwa afuate maji, yatamfikisha kwa watu. Huku ushauri huo unaua. Vijito vya Swaledale vinaingia kwenye makorongo yenye maporomoko na mawe yanayoteleza. Swinner Gill ni mfano. Fuata ukuta au uzio. Ukuta umejengwa na mfugaji, na mfugaji alikuwa na njia ya kurudi nyumbani.

Mtu akipoa

Dalili za mwanzo hazionekani kama ugonjwa. Mtu anakuwa mkali, au ananyamaza. Anajikwaa penye njia nzuri. Vidole havifanyi kazi, ulimi unakuwa mzito. Anatetemeka. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na hajielewi, hali ni mbaya sana.

Mtoe kwenye upepo, mkalishe juu ya begi asiguse ardhi, mvue kilicholowa ukiwa na kikavu cha kumvika, mwingize kwenye mfuko wa dharura, ukae naye ubavuni. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe chai tamu. Usimsugue mikono na miguu, usimpe pombe.

Piga 999 au 112, omba polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa milimani. Taja ile namba ya mahali. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa, kwa hiyo usichelewe kwa kuogopa gharama. Mtandao ni hafifu bondeni. Kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mfupi. Bila mtandao kabisa, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Jibu ni milio mitatu. Hata ukiisikia, endelea, wanakutafuta kwa sauti.

Mifugo na ndege

Kondoo hawana neno. Ng'ombe mwenye ndama ndiye wa kuchunga. Mzungukie mbali, usipite kati yake na mtoto wake. Kuanzia Machi mosi hadi Julai 31 mbwa afungwe kamba fupi kwenye ardhi ya wazi, kwa sababu ndege wanataga chini. Na kuanzia Agosti 12 hadi Desemba 10 ni msimu wa kuwinda kwale wa nyika kwa bunduki. Ukiona mstari wa watu na bendera, subiri, mwulize aliye karibu, atakuonyesha pa kupita.

Ukifika nyumbani

Jikague kupe kabla ya kuoga: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, shingo, nywele za watoto. Kupe wa huku ni mdogo kuliko tuliyemzoea kwenye ng'ombe, anaweza kuwa kama mbegu ya ufuta. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, taratibu, bila kumminya. Usimpake mafuta, usimchome. Andika tarehe. Ikitokea duara jekundu linalopanuka, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi nne lakini pengine hata baada ya miezi mitatu, nenda kwa daktari na umwambie uliumwa na kupe. Ugonjwa wa Lyme hutibika vizuri ukiwahiwa.

Buti zisuuze mboji, toa soli za ndani, zijaze magazeti, uyabadilishe kabla ya kulala. Zikae mbali na hita, maana joto kali hupasua ngozi ya buti na gundi huachia. Asubuhi magazeti yatakuwa yamelowa chepechepe. Yatoe, weka mengine.